Darasa Lisilo na Karatasi

Waliokuwa sebuleni kwangu Chepkoilel, nje kidogo ya Eldoret, siku ile ya Agosti ni hawa, na ninawataja wote kwa sababu mtu asiyetajwa huwa kama hakuja. Alikuwepo Jerotich, kifungua mimba wangu, ambaye ni mwalimu wa Kiingereza huko Korea. Alikuwepo Tae-ho, mume wake, mkimbiaji aliyekuja huku kwetu kufanya mazoezi kwenye baridi na milima, akaondoka na msichana wangu badala ya medali. Alikuwepo binti yao Jepchumba, miaka kumi na mitatu, mwenye macho ya baba yake na miguu mirefu ya kwetu. Alikuwepo Selina, rafiki yangu wa Langas, tuliyeuza naye chai miaka mingi. Alikuwepo Pasta Rono, aliyekuja kuombea chakula na akabaki kuhakikisha maombi yamefika. Na kwenye kiti kile kizuri, kile chenye kitambaa, alikuwa ameketi Yun Okbun, mama yake Tae-ho. Sisi Wakalenjin mzazi mwenzako wa ndoa tunamwita bamwai, basi Okbun ni bamwai wangu. Ana miaka themanini na miwili, na alikuwa amesafiri siku nzima na usiku wake kuja kuona jikoni kwangu.

Sasa, kwetu hakuna shughuli bila kitabu cha wageni. Hata ukienda kutoa pole, kabla hujamaliza chai kitabu kinakufikia: jina lako, unatoka wapi, maoni. Selina akakizungusha. Kilipofika kwa Okbun, Tae-ho akanyoosha mkono amwandikie. Mama yake akampiga kofi dogo kwenye vidole. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa taratibu kama mtu anayevaa nguo ya harusi, akaandika jina lake kwa herufi za kwao, halafu chini yake kwa herufi zetu, kisha kwenye maoni akaandika kwa Kiingereza kwamba chakula ni kizuri na yeye ana furaha. Mimi nikaanza kulia. Pasta akasema, "Mama Jerotich anafurahia wageni." Nikamwacha aseme. Wanaojua kwa nini nililia walikuwa wawili tu mle ndani, mimi na yeye mwenye miwani, na labda Jerotich.

Watu wakisimulia mwaka uliowafanya kuwa watu, huwa ni mwaka wa ujana, wakiwa na miaka kumi na minane, ishirini. Wangu ulichelewa. Ulinikuta na miaka hamsini na saba, magoti yameanza kulia, na bado nilikuwa sijui kuandika barua. Nilifika darasa la pili, basi. Sababu siielezi, kila mwanamke wa rika langu anaijua. Lakini Kiingereza cha kusema nilikuwa nacho, kile cha masikio. Nilikiokota kwenye kibanda changu cha chai karibu na geti la chuo, hapa hapa Chepkoilel, nikisikiliza wanafunzi wakibishana juu ya mapenzi na mitihani huku wakila chapati na madondo. Niliweza kumfariji mwanafunzi aliyefeli kwa Kiingereza kizuri kabisa. Lakini ungeniandikia neno moja ukutani, ningeona ukuta tu.

Jerotich alikuwa na mimba ya miezi minane alipoomba nije kumsaidia, nami nikaenda. Alikuja kunipokea uwanja wa ndege na Tae-ho, na tulikuwa tumeshaendesha gari karibu saa tatu kuelekea kijijini kwao, mlima baada ya mlima, miti ya matunda ya rangi ya machungwa pande zote, alipogeuka akaniambia kwa Kinandi ili mume wake asisikie, "Mama, kuna kitu nilisema huku."

"Kitu gani?"

"Nilisema wewe ni mwalimu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa Kiingereza. Chuoni."

"Jerotich! Kiingereza gani? Cha 'chapati ngapi na chai'?"

Akageuka mbele tena. Halafu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "Mama, huku wanauliza kila kitu. Baba anafanya nini, mama amesoma wapi. Walikuwa watu tisa kwenye hiyo meza na mimi nilikuwa peke yangu. Mama yake Tae-ho aliniangalia tu. Lilitoka mdomoni."

Nilikuwa na hasira, sitaficha. Chai ile ndiyo iliyompeleka shule, na sasa ilikuwa aibu. Lakini hata kwenye hasira yangu nilielewa jambo moja: mwanangu alikuwa na mlingoti mmoja tu unaoshikilia hema lake katika nyumba ya watu, na mlingoti huo ulikuwa mimi. Nikianguka, naanguka naye.

Nyumba ya Okbun ilikuwa ya chini, yenye ua wa udongo uliofagiwa hadi ukang'aa, na pembeni mwa ua mitungi mikubwa ya rangi ya kahawia imesimama kwa safu kama wazee kwenye baraza. Tulivua viatu. Okbun akainama, mimi nikanyoosha mkono, yeye akainuka mimi nikainama, ikawa kama watu wawili wanaotafuta sindano sakafuni. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni umri wangu. Jina hakuuliza kabisa. Tae-ho alinieleza baadaye, huku akicheka kwa aibu, kwamba kwao wazazi wa pande mbili huheshimiana kwa mbali, na kwamba wahenga wao walisema nyumba ya mkwe na choo, kadiri vikiwa mbali ndivyo vizuri. Nikamwambia hata kwetu ni hivyo hivyo, ila sisi hatuna ujasiri wa kutaja choo.

Chumba changu kilikuwa na karatasi kwenye mlango badala ya kioo, na sakafu yenye joto. Ndiyo, moto unapita chini ya sakafu, unalala juu yake. Usiku wa kwanza nilijigeuza kama mkate kwenye tanuri. Usiku wa pili nikaelewa kwamba ni kitu magoti yangu yalikuwa yanakitafuta miaka kumi. Asubuhi chakula kilikuwa wali, samaki, supu, na vibakuli saba vidogo vya mboga, vingine vimechachushwa na pilipili mpaka pua inafunguka. Nilitafuta chai ya maziwa. Hakukuwa na chai ya maziwa. Nilimsikia Okbun jikoni akimuuliza Jerotich jambo, Jerotich akajibu. "Anauliza nini?" nikasema. "Anauliza kama walimu wa Kenya huwa wanakula polepole hivi."

Mtoto alizaliwa Novemba, msichana. Sisi tukampa Jepchumba, jina la mtoto aliyezaliwa kwa wageni. Okbun alifunga kamba ya majani makavu juu ya lango, ishara ya zamani kwamba nyumba ina mtoto mchanga na mtu wa nje asiingie mpaka siku ishirini na moja zipite. Alimpikia Jerotich supu ya mwani, majani meusi ya baharini, mara tatu kwa siku. Mimi nikapika uji wa wimbi niliobeba kwenye sanduku. Jerotich alikuwa akinywa bakuli la huku akiangalia bakuli la kule, anatoka jasho, sisi wanawake wawili tumesimama mlangoni kama mahakimu.

Siku ya tano nilifanya kosa ambalo lingefanywa na mtu wa kwetu tu. Nilimpakata mtoto, nikamtazama, moyo ukajaa, nikafanya kama nyanya yangu alivyotufanyia sisi sote: nikamtemea mate kidogo kifuani, ptu, ptu, nikamwambia, "Ishi, uone wajukuu." Hiyo ni baraka. Haina nyingine kubwa kuliko hiyo. Nikainua uso, nikamwona Okbun. Sijawahi kuona uso ukifungwa hivyo, kama dirisha wakati wa mvua. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akampangusa kwa kitambaa chenye maji ya moto, akaenda naye chumba kingine.

"Mama, huku wanaogopa viini," Jerotich akaninong'onezea.

"Mate ya kogo wake ni viini?" Kogo ni nyanya kwa Kikalenjin, na hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimepanda ndege kuifanya.

"Nitamweleza. Nipe siku mbili."

Zilikuwa siku tisa. Siku tisa Okbun alinipa chakula kwa mikono miwili, kwa heshima yote, na hakunipa hata neno moja. Mtoto nilimwona kwa mbali.

Sasa, Jerotich kabla ya kujifungua alikuwa akifundisha watoto mjini, na Jumanne na Ijumaa mchana akifundisha akina nyanya wa kijiji Kiingereza, bure, kwenye ukumbi wa wazee. Akina nyanya hao walikuwa wanne. Alikuwepo Pak Mal-sun, miaka sabini na minane, mcheshi, aliyekuwa na mjukuu Amerika ambaye hakujua Kikorea. Kila Jumapili walipigiana simu ile ya kuonana, wakabaki wakitazamana na kutabasamu mpaka mashavu yakachoka. Alikuwepo Im Kutnyo, themanini na saba, mgongo umekunjika kama jembe. Alikuwepo Cho Pilsun, mwenyekiti wa ukumbi, mtu wa ratiba na funguo. Na alikuwepo Okbun mwenyewe, ambaye nadhani alienda mwanzoni ili watu waone kwamba mwalimu ni mke wa mwanawe. Jerotich alipokuwa amelala na mtoto, mwenyekiti akaja langoni, akasimama nje ya ile kamba, akauliza darasa litakuwaje. Okbun alikuwa amechuchumaa uani akimenya kitunguu saumu. Hakuinua kichwa. Alisema sentensi moja, na niliona Jerotich akibadilika rangi kwenye mto.

"Amesema nini?"

"Amesema, 'Si mama yake ni mwalimu? Basi afundishe.'"

Ukumbi ule ulikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya moto, harufu ya viazi vitamu vya kuchoma, na meza fupi isiyofika magotini. Jerotich alinipa bahasha ya karatasi alizokuwa ameandaa na akanieleza kila moja ina nini. Nilipofika nikaketi, nikaifungua bahasha, nikaona zile alama nyeusi zimejipanga kama siafu. Wanne wananiangalia. Nikairudisha bahasha kwenye mkoba. Nikafanya nilichokuwa nikifanya kwenye kibanda kila mwaka wanafunzi wapya wakifika: nikauliza majina. Niligonga kifua changu. "My name is Jepkemei." Nikamwonyesha Mal-sun.

Mal-sun akasema yeye ni nyanya wa Jimin.

"No," nikasema. "Name."

Akajaribu tena: Mama wa fulani. Nikatikisa kichwa. Wakaanza kucheka na kusukumana, maana kumbe kwao ni kama kwetu. Ukizaa, jina lako linafunikwa na la mtoto, na ukipata mjukuu linafunikwa mara ya pili. Mal-sun akalitoa jina lake kama mtu anayetoa kitu kutoka chini ya godoro. Pilsun akalisema kwa ukali, kama anaitwa mahakamani. Kutnyo ndiye aliyekataa. Aliangalia meza. Wengine wakamwita kwa jina la kijiji alikotoka kuolewa, ndivyo walivyomwita tangu alipokuwa bibi harusi. Nikasubiri. Kwenye kibanda nilijifunza kwamba ukisubiri na ukiwa huna haraka, mtu husema. Hatimaye akasema, kwa sauti ya chini, "My name is Kutnyo," na wale wengine wakageuka kumtazama. Mal-sun alikuwa jirani yake miaka arobaini na hakuwa amewahi kulisikia. Jerotich alinieleza usiku huo kwamba jina lile maana yake ni msichana wa mwisho. Baba yake alichoka na mabinti akampa jina la kufunga mlango. Nikamwambia Jerotich, mwambie Jumanne mimi naitwa Jepkemei kwa sababu nilizaliwa wakati wa kiangazi na njaa. Wote wawili tulipokelewa kwa malalamiko, na bado tupo.

Okbun siku ile alisema jina lake vizuri, kwa sauti iliyonyooka, bila kuniangalia. Lakini nililipata. Na tangu siku hiyo nililishika kama nilivyoshika majina yote maishani mwangu, kwa sababu mtu asiyeweza kuandika hana pengine pa kuyaweka ila kichwani.

Wiki ya tatu tangu mtoto azaliwe, mwenyekiti Pilsun alikuja na karatasi kutoka ofisi ya kata. Kila mmoja ajaze jina, umri, na kwa nini anajifunza. Akazigawa, akagawa na kalamu. Mal-sun akaanza kuandika ulimi ukiwa nje. Kutnyo akaandika kwa herufi kubwa za kutikisika. Okbun akaangalia karatasi, akajipapasa kifuani, akajipapasa magotini, akasema neno ambalo sikulijua lakini nililielewa kabla halijamtoka vizuri mdomoni. Alisema amesahau miwani nyumbani.

Miwani ilikuwa kwenye mfuko wa sweta yake. Niliona mkono mmoja wa miwani umechungulia.

Ninyi mnaosoma hamwezi kujua nilichosikia pale. Mimi nilisahau miwani miaka hamsini. Nilisahau miwani benki, nilisahau miwani siku za wazazi shuleni kwa Jerotich, nilisahau miwani kwenye kila kitabu cha wageni cha Uasin Gishu nzima. Nilikuwa nimeinunua sokoni, kioo kitupu, ili tu niwe na kitu cha kusahau. Na huyu hapa, mama mwenye nyumba, mwenye mitungi, mwanamke niliyekuwa namwogopa kama mkaguzi wa shule, alikuwa amekaa na karatasi mbele yake, na shingo yake ilikuwa nyekundu.

Nikasimama. Nikazunguka meza, nikazikusanya karatasi zote nne, hata ile ya Mal-sun ambaye alilalamika kwamba hajamaliza. Nikaziweka chini ya mto wangu, nikazikalia. "No paper," nikawaambia. "In my class, no paper. Mouth." Nikagusa mdomo. Mwenyekiti alishtuka, karatasi za serikali zimekaliwa. Mal-sun akacheka mpaka akalala sakafuni. Okbun hakucheka. Aliniangalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mate, muda mrefu, na mimi nikaangalia pembeni, maana ukimwona mtu akiwa uchi unaangalia pembeni.

Kesho yake asubuhi nilikuta viazi vitamu viwili vya moto nje ya mlango wangu wa karatasi, vimefungwa kwenye kitambaa. Mchana, Okbun aliingia chumbani, akaniwekea mtoto mapajani, akatoka bila kugeuka.

Baridi ile ilikuwa ndefu, na ndani yake tukazoeana kwa mwendo wa kobe. Alikuwa akifanya kazi huku akisema sentensi zangu kwa sauti: this is salt, this is my hand, the water is hot. Mwezi wa pili alitengeneza maji ya soya ya mwaka, na nilimwona akitumbukiza mkaa uliowaka kwenye mtungi, ukalia chsss. Nilikimbia chumbani nikaleta kibuyu kidogo nilichombebea mtoto, nikakigeuza nikamwonyesha ndani, weusi wa mkaa tunaosugulia kabla ya kugandisha maziwa ya mursik. Aliingiza pua yake yote ndani ya kibuyu. Alipoitoa ilikuwa na doa jeusi, na sikumwambia hadi jioni.

Mwezi wa tatu, kabla watu hawajaanza kupanda, mwenyekiti Pilsun alitangaza kwamba ofisa wa kata atakuja kuona darasa. Akaleta ubao mweupe. Alitaka nyanya wasomee wageni, na mwalimu kutoka chuo kikuu cha Kenya aandike sentensi ubaoni, wageni waone. Jerotich aliposikia alikaa kitandani akasema, "Mama, nitawaambia unaumwa."

"Nitaumwa mpaka lini?"

"Basi nitawaambia ukweli."

"Baada ya siku hiyo. Si mbele ya watu. Acha kwanza nijaribu."

Akanifundisha sentensi moja, usiku tatu mfululizo, nikiichora kama mtu anayechora ng'ombe. Siku ilipofika chumba kilijaa. Ofisa amevaa tai. Jerotich yuko nyuma na mtoto mgongoni, na uso wake ulikuwa wa jivu. Mwenyekiti akasema hotuba, nikasikia neno sonsengnim, ambalo ni mwalimu, na watu wakapiga makofi, na kalamu ikawekwa mkononi mwangu. Nikageukia ubao. Ulikuwa mweupe kama Jumatatu asubuhi. Na ile sentensi, niliyoichora mara mia, ikaondoka kichwani mwangu yote, mkia na pembe. Nilisimama. Nilisikia mtu akikohoa. Nikasikia Jepchumba akilia kidogo na Jerotich akimbembeleza. Mkono wangu uliinuka wenyewe kuelekea mfukoni, kutafuta miwani ya kusahau.

Ndipo kitu kikasogea nyuma yangu. Okbun alikuwa amesimama. Alikuja polepole, soksi zake hazikutoa sauti, akanichukulia kalamu vidoleni, akairudishia kifuniko, tik. Akawageukia wageni, ofisa na tai yake, na akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ile iliyonyooka, "No paper. In our class, no paper. Mouth." Akagusa mdomo. Kisha, "My name is Yun Okbun. I am sixty-nine years old. This is my house people," akaonyesha nyuma kwa Jerotich na mtoto, halafu akanionyesha mimi, "and this is Jepkemei."

Hakuwa ameniita kwa jina hata siku moja. Nilidhani halijui.

Mal-sun akainuka kabla hajaitwa, akataja lake. Pilsun akasahau ratiba akataja lake. Kutnyo walimsaidia kuinuka, akasema lake kwa nguvu kuliko wote, na ofisa akapiga makofi akidhani ndiyo mpango ulivyokuwa. Jumapili iliyofuata Mal-sun alimwambia mjukuu wake wa Amerika kwa simu, "I am Mal-sun. I am your grandmother," na mtoto akashtuka akafungua mdomo akamwagika maneno kama mto umepasua kingo, na Mal-sun akapiga kelele, "Slow! Slow!" mpaka majirani wakaja.

Jioni ya siku ya ubao Jerotich alienda jikoni kwa mama mkwe wake, akapiga magoti, akasema yote. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa karatasi. Mlango wa karatasi haufichi kitu. Baadaye alinieleza majibu neno kwa neno. Okbun alisema, "Nilijua wiki ya tatu. Mwalimu wa kweli hakalii karatasi." Akaendelea kuosha mchele. Halafu akasema, "Kosa lako si kusema ni mwalimu. Kosa lako ni kumpa karatasi." Kisha akafuta mikono, akafunga mlango wa nje, akamwambia jambo lake mwenyewe, la kaka waliosoma na dada aliyebaki na mdogo mgongoni, jambo ambalo hata Tae-ho hakulijua. Na akamaliza hivi: "Asubuhi, mtoto akilala, utufundishe sisi wawili. Mumeo asijue."

Basi tukafundishwa. Meza ya jikoni, upande huu mimi na herufi zetu, upande ule yeye na za kwao, Jerotich katikati na fimbo ya mwiko. Okbun alikuwa mwepesi kuliko mimi na alijivuna. Akimaliza mstari wake alikuwa akichungulia daftari langu na kusema "Slow, slow," kwa sauti ya Mal-sun.

Novemba Jepchumba alitimiza mwaka. Kwao siku hiyo mtoto huwekewa vitu mezani, anachokishika ndicho bahati yake: uzi wa maisha marefu, kalamu ya elimu, mchele wa shibe. Watu wote wakamwita, shika kalamu, shika kalamu. Mtoto akatambaa, akaipita kalamu, akaupita uzi, akapanda mapajani kwa Okbun na kuchomoa miwani mfukoni mwake. Nyumba nzima ikacheka. Sisi wawili tulicheka mpaka tukashikana, na watu wakaanza kutuangalia, na bado hatukuacha. Wiki mbili baadaye nilirudi Eldoret. Kwenye lango, kabla sijaingia garini, Okbun alinishika mkono, akaangalia kulia na kushoto, akainama juu ya mtoto mgongoni mwangu, ptu, ptu, kidogo sana, akaniangalia kama kuuliza amepatia. Nikamwambia amepatia.

Turudi Agosti. Okbun alipomaliza kuandika kitabuni hakukipitisha kwa Pasta. Alikisukuma mezani hadi kwangu. "Jepkemei," akasema. "Name."

Selina akacheka, "Mama Tae-ho, mwenye nyumba haandiki!" Na ni kweli. Kitabu kile nimekaa nacho miaka na jina langu halikuwemo hata ukurasa mmoja. Nikavaa miwani, siku hizi ni ya kweli, nikaandika chini ya jina lake: Jepkemei, wa hapa hapa.

Haya niliyoyasimulia nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye daftari mbili, na Jepchumba ameyapiga chapa kabla hawajasafiri. Majina ya Kikorea nimeyaandika kama masikio yangu yalivyoyapokea. Jerotich anashikilia kwamba kimya kile kilikuwa siku saba, mimi nasema tisa. Tae-ho anasema mitungi haikuwa kwa safu. Pengine Kutnyo alikuwa na themanini na nane. Alikufa majira ya kuchipua, na nisingependa kumpunguzia hata mwaka. Kama ulikuwepo, au unamjua aliyekuwepo, njoo uniambie nilipokosea. Zamani ungenikuta nimesahau miwani. Sasa njoo na kalamu nyekundu, keti, uweke alama mahali penyewe. Chai nitaweka maziwa.